Kaburi la Mpagazi

Wenzangu mliobaki ofisini Isikizya mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijaanza kusahau. Kusahau nimeshaanza, kwa hiyo tuharakishe. Vyeo nilivyopewa na vile nilivyonyimwa mtavikuta kwenye faili langu, kama panya wamebakiza. Hapa nitaeleza kazi yenyewe, yaani kutafuta wenye makaburi.

Watu wa nje hawaijui kazi hii. Barabara ikipanuliwa au bomba la maji likipitishwa, makaburi yaliyo njiani lazima yahamishwe, na kabla ya kuhamishwa lazima ijulikane aliyelala humo ni nani na ndugu zake ni akina nani. Mtu anatumwa kijijini kuuliza. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtu huyo nilikuwa mimi. Sikuwa mpima ardhi wala afisa afya. Nilikuwa yule mama anayekuja na kiti chake cha kukunja, akauliza habari za ukoo wako mpaka ukajuta kumkaribisha chai.

Mimi ni Mgogo. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo sehemu ya mwisho haitaeleweka. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao wakipita na mizigo kwenda pwani, sisi tumekaa njiani tunawatoza hongo, ule ushuru wa njia, ndipo wanywe maji yetu. Siku niliposhuka treni Tabora mara ya kwanza na sanduku langu la bati, mchukuzi mmoja wa stesheni alisikia lafudhi yangu akaniuliza kama nimekuja kuombaomba. Nikamjibu nimekuja kudai, maana babu yake alipita kwetu akatoroka bila kulipa hongo. Alicheka, akalibeba sanduku hadi nje na hela akakataa. Nikajua mji huu nitauweza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa mtaa wa Ng'ambo palepale Tabora, mtoto wa fundi cherehani, nadhifu kuliko ofisi nzima. Alikuwa hamwamini mtu. Mimi mwenyewe aliniamini mwaka wa tatu, na hata hapo alikuwa akihesabu vikombe nikishaondoka. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kijiji kimoja cha njia ya Urambo, ambako bwana mmoja alituonyesha makaburi ya babu zake, yamepangwa vizuri, yamepakwa chokaa mpya. Mzee Rajabu aliyazunguka mikono ikiwa nyuma.

"Huyu babu yako aliitwa nani?"

Bwana akataja jina.

"Na nani karithi jina lake?"

Bwana akatazama miti. Tulipochimba, kaburi la kwanza lilikuwa udongo mgumu ambao haujaguswa tangu dunia iumbwe, na la pili lilikuwa na mbwa. Palipo na fidia pana makaburi hewa, na nyie mtayakuta. Njiani kurudi Mzee Rajabu aliniambia maneno niliyoyatumia hadi siku ya kukabidhi funguo: "Usiulize nani kafa, watakudanganya. Uliza nani karithi jina. Hapo lazima wakuonyeshe mtu anayepumua."

Ilinichukua muda kuelewa. Kwa Wanyamwezi jina la marehemu hurudi kwa mtoto wa ukoo. Tena wakati mwingine mtoto mwenyewe hulidai. Mtoto mchanga akilia mfululizo, ziwa hataki, dawa hazimsaidii, wazee husema analilia jina, kwamba yupo marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena. Basi wanayataja majina ya wafu moja baada ya jingine, na likitajwa lenyewe mtoto hunyamaza. Kwetu mtoto akilia namna hiyo tunamtazama masikio, lakini sikuja Tabora kubishana. Kwa kazi yetu desturi hiyo ni msaada mkubwa, kwa sababu ukijua nani kaitwa nani na lini, unajua nani alikuwa ameshakufa wakati ule.

Zana zangu zilikuwa chache: fimbo ya chuma ya kudunga udongo, ufagio mdogo, kanga mbili safi za kufunikia, na vikopo viwili, kimoja cha mahindi na kimoja cha maharage. Hivyo vikopo ni urithi wa Mzee Rajabu. Karatasi inatisha watu, wakikuona unaandika wanaanza kuchagua maneno. Kwa hiyo tulikuwa tunatandaza mkeka na kumwomba mzee wa familia apange ukoo wake kwa mkono wake mwenyewe, hindi kwa aliye hai, haragwe kwa aliyefariki, wazazi juu, watoto chini. Mtu akipanga punje anajisahau. Kalamu mtachukua baadaye, mkishakunywa chai. Najua sasa mna simu zinazochora ukoo zenyewe, nami sizikatai, ila simu haioni mkono unapotetemeka.

Nimeona mengi kwenye mkeka ule. Nimeona wake wenza wakihamishiana watoto, na mzee mmoja aliyemsahau mkewe wa kwanza huku amekaa nyuma yake. Siku moja familia mbili zilimgombea bibi mmoja mpaka tukagundua kuwa bibi mwenyewe yuko hai Nzega na hajui kama ana kaburi. Ukikaa sana katika kazi hii unakuwa mtu wa kushuku. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikiambiwa habari za asubuhi nzuri nitataka shahidi.

Sasa niwaeleze ile ya mwisho, ambayo najua ndiyo mnayoitaka.

Ilikuwa barabara ya vumbi inayofuata njia ya zamani ya misafara, ukishaiacha Kwihara. Ilikuwa ipanuliwe, na upanuzi ulipita juu ya mahame ya familia ya Mzee Maganga. Zamani walikuwa na tembe pale, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, kabla watu wote hawajahamishiwa kijijini kwa amri ya serikali. Tembe lilishaanguka likabaki tuta, lakini makaburi ya wazee yalikuwepo uani na familia iliendelea kuyatunza. Mzee Maganga alikuwa amepita themanini, mzee wa kanisa, mtu ambaye kijiji kizima kikigombana kinakwenda kwake. Alinipokea vizuri sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mgogo. Umekuja kuomba nini leo?"

"Nimekuja kuhesabu mizigo, mzee. Mlivyopita kwetu mlificha mingine."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikatandaza mkeka. Alipanga wazazi wake, babu zake, bila kusita. Alipofika kwa watoto wa mama yake aliweka haragwe la dada yake aliyekufa mdogo, akaweka hindi lake mwenyewe, halafu mkono wake ukaingia kwenye kikopo cha maharage, ukatoa moja, ukaliweka pembeni ya lile hindi. Akaliangalia. Akaliondoa taratibu, akachukua hindi.

"Huyu ni Mihayo, mdogo wangu," alisema. "Yuko pwani."

"Bado yu hai?"

"Nitajuaje? Aliondoka na treni wakati wa kuhama. Hakutaka kuja kijijini."

Mtu anaweza kukosea kikopo. Mimi mwenyewe nimewahi kuweka chumvi kwenye chai. Lakini nililiwekea alama kichwani.

Aliyekuwa akitupikia siku hiyo ni Kalunde, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, anayekaa nyuma ya nyumba ya Mzee Maganga na kulima kipande chake kidogo kule mahameni. Alikuja, akachuchumaa kando ya mkeka, akauliza kwa adabu kama na yeye atawekwa.

"Wewe ni mtoto wa nani?" nikamwuliza.

"Wa huyo wa pwani."

Mzee Maganga akasema baba yake alijitoa mwenyewe katika ukoo, kwa hiyo hakuna haja. Nilimweka Kalunde chini ya hindi la baba yake, kwa sababu mkeka ulikuwa wangu. Mchana alinieleza mwenyewe. Baba yake aliondoka yeye akiwa anatambaa. Miaka ya mwanzo baba mkubwa alikuwa akileta salamu, kwamba Mihayo kaonekana Tanga, Mihayo atakuja baada ya mavuno. Halafu salamu zikaisha. Shuleni walimwita mtoto wa mtoro. Mama yake alikataa kuolewa tena, akingoja, akafa anangoja. Bibi yake, mama wa Maganga na Mihayo, alifariki akiwa amemkasirikia yule mwana ambaye hakuja hata kumzika.

"Mimi sitaki shamba la mtu, Mama Nyemo," aliniambia. "Nataka kujua alinionaje mpaka akaniacha. Mtoto anayetambaa anamkosea nini mtu?"

Nilimwambia chai yake nzuri, ambayo ni kauli ya kijinga, lakini ndiyo iliyokuja.

Makaburi tuliyakagua baadaye. Yote Mzee Maganga aliyajua kwa majina, na yote alitaka yahamishwe kwa heshima, kwa sanda mpya na kwaya. Isipokuwa moja. Lilikuwa pembeni, karibu na tuta la tembe, bila jiwe.

"Hilo la mpagazi," alisema. "Tulilikuta. Huyo mwacheni, hana mwenyewe. Greda lipite tu."

Jibu hilo lingemridhisha mtu yeyote wa upande ule. Njia ya misafara yote ina makaburi ya watu wasiojulikana, walianguka na mizigo wakafukiwa hapo hapo walipoangukia, na hakuna anayeuliza zaidi. Lakini mpagazi huzikwa njiani, hazikwi ndani ya ua wa watu. Kisha nikaona kaburi limefagiliwa, na juu yake pana alama nyeupe ya unga uliochanganywa na maji, kama wanavyomwagia wafu wao wanapowaomba radhi. Mke wa Mzee Maganga, Bibi Nyamizi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nani anammwagia unga mpagazi?" niliuliza.

"Mimi," alisema. "Mgeni naye ni mtu."

Sheria haibagui kaburi, kwa hiyo la mpagazi nalo liliingia kwenye orodha. Siku ya kufukua tulianza na wazee, mmoja mmoja, afisa afya akisimamia, nami nikifunika kwa kanga. Kila mmoja alikuwa amelazwa vizuri, kina cha kutosha. La mpagazi lilikuwa la mwisho. Halikufika hata kiunoni. Alikuwa ameingizwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kwa sababu shimo lilikuwa fupi, na mfupa wa kisogo ulikuwa umevunjika kwa ndani. Miguuni alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi la gari.

Hata asiyekwenda shule anajua mpagazi wa misafara hakuwahi kuona tairi. Na hakuna Mnyamwezi, Mgogo wala mtu yeyote anayemzika ndugu na viatu vyake, labda awe na haraka. Afisa afya alisema tusimamishe kazi, tukaita polisi.

"Labda mwingine alizikwa juu yake," Mzee Maganga alisema kutoka kwenye kiti chake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mpelelezi aliyekuja alikuwa kijana mtaratibu. Alihoji familia nzima, na wote walisema hawamjui. Mifupa ilipelekwa hospitali, ikaonekana mtu aligongwa nyuma ya kichwa na kitu kizito, miaka mingi iliyopita. Walichukua kipande kwa ajili ya maabara, lakini mpelelezi akanieleza wazi kuwa maabara inahitaji ndugu wa kulinganisha naye, na hapa hakuna anayedai kuwa ndugu. Asipopatikana, mtu huyu atazikwa upya bila jina, na jalada litakaa juu ya kabati. Nilirudi nyumbani na hasira. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, na sikutaka kuondoka nikiwa nimemhamisha mtu nisiyemjua.

Nilirudi kijijini kumalizia orodha ya watoto na wajukuu. Nilikuwa kwa Kalunde nakula karanga za kuchemsha alipoingia mwanamume na baiskeli, amefunga gunia la mkaa. Ni mtoto wa mwisho wa Mzee Maganga, mtu mwenye mvi chache, mdogo kwa Kalunde. Kalunde alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepika au unacheza tu?"

Wakacheka wote wawili. Aliteremsha mkaa, akaukagua mlango wa Kalunde uliolegea, akasema kesho atakuja na misumari, akaenda zake. Nikamwuliza Kalunde kwa nini anampa shikamoo binamu aliye mdogo kwake.

"Ndiye Mihayo," alisema. "Kabeba jina la baba yangu. Tangu utoto namwita baba. Ananiletea mkaa, mwanangu alipoolewa alisimama yeye. Ndiye baba niliyebakiwa naye."

"Alipewa jina akiwa mkubwa?"

"Aa, mchanga kabisa. Alililia."

Niliacha karanga. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika, akasema nikamwulize mama mkubwa, kwani ndiye aliyemzaa.

Bibi Nyamizi nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. Nikakaa chini, nikamsaidia. Nikamwuliza kuhusu huyu kitindamimba wake, alizaliwa lini. Akasema mimba yake alihama nayo kutoka kwenye tembe, na alimzaa mvua zilezile za kwanza kijijini.

"Akalia?"

"Akalia, mwanangu, mpaka nikaogopa. Tukaita mfumu, yule mganga wetu. Tukataja babu zake wote, hanyamazi. Mfumu akasema yupo mtu hamjamtaja. Baba yake akatoka nje."

"Nani akamtaja?"

"Mimi."

"Ukamtaja Mihayo."

"Nikamtaja. Akanyamaza, akanyonya."

"Na Mihayo alikuwa pwani, salamu zake zinakuja."

Vidole vyake havikusimama. "Ndivyo nilivyoambiwa."

"Bibi, tangu lini mtoto analilia jina la mtu aliye hai?"

"Unauliza kama polisi, Mgogo."

"Polisi hawawezi kuuliza hili. Hawajui."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe, akachukua jingine. Sikumwuliza anajua nini, na hakuniambia. Lakini mtu aliyempa mwanawe jina lile, mwaka uleule, na kisha akafagia kaburi lile muda wote huo, alikuwa ameshanijibu. Kijiji kizima kilikuwa kimemwita yule kijana Mihayo maisha yake yote, na hakuna aliyesimama akauliza: jina limerudi vipi wakati mwenyewe hajafa?

Nilimpigia simu mpelelezi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema desturi si ushahidi, lakini atakuja siku ya maziko mapya. Halafu nikamweleza Kalunde. Nilikaa na jambo hilo siku mbili kwanza, kwa sababu ukimwambia mtu baba yako aliuawa, na ikawa sivyo, utamrudishiaje? Pia alikuwa anakaa kwa baba mkubwa, analima kwa baba mkubwa, na ndugu wote ni wa baba mkubwa. Nilimwambia anaweza kutoa sampuli kimya kimya, tungoje majibu, na kama si yeye hakuna atakayejua.

Aliufunga ushungi wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Sampuli nitatoa. Lakini karatasi itaniambia ni yeye, haitaniambia kwa nini. Nataka kusikia kwa mdomo wa baba mkubwa. Kama alikimbia, nimeshazoea. Kama hakukimbia, aniambie mbele ya watu walioniita mtoto wa mtoro."

Siku ya maziko, kwenye makaburi ya kijiji, watu walikuwa wengi, kwaya imevaa sare, majeneza madogo madogo yamepangwa kivulini. Mpelelezi alisimama nyuma na shati la kawaida. Kabla ya kuanza nilivua kitambulisho cha ofisi nikampa dereva wetu anishikie. Kuanzia hapo sikuwa mtumishi wa halmashauri, nilikuwa mtani. Na mtani msibani ana ruhusa ambayo hakimu hana. Anaweza kumtukana marehemu, kuzuia jeneza, kulala kaburini mpaka apewe chochote, na mwenye msiba akikasirika aibu ni yake.

Kwa wale wazee nilifanya utani wa kawaida. Nililikalia jeneza la babu nikadai hongo ya maji, watu wakacheka, Mzee Maganga akanipa sarafu akitabasamu. Wakazikwa mmoja mmoja. Likabaki lile la mpagazi, pembeni. Wakalisogeza. Mimi nikashika ukingo, nikateremka ndani ya kaburi, nikakaa chini. Magoti yangu hayajanisamehe mpaka leo.

"Mgogo kaingia kaburini," mtu akasema, watu wakacheka tena. Mzee Maganga alikuja na mkongojo, akainama, akaninyooshea noti.

"Pesa sitaki leo, mzee," nilisema. "Wazee wangu walikuwa hawapitishi mzigo bila kuambiwa ni wa nani. Nitajie mwenye mzigo huu, nitoke."

"Ni mpagazi."

"Mpagazi gani kavaa tairi?"

Kicheko kikaisha kidogo kidogo, mpaka nikasikia mmoja tu nyuma ambaye hakuwa ameelewa, naye akanyamaza. Kutoka mle ndani nilikuwa naona miguu ya watu na uso wa Mzee Maganga. Niliogopa kwamba nimekosea, na nitatoka mle nikiwa nimemvunjia heshima mzee wa watu na kumfukuzisha Kalunde. Hakuna aliyenigusa. Hawakuweza.

Kalunde akasogea akasimama upande wa pili.

"Baba mkubwa," alisema, sauti yake ndogo tu, "baba yangu aliniacha?"

Mzee Maganga alimtazama. Akatazama watu, kwaya, mkewe aliyekuwa amekaa chini na kanga usoni. Noti ilimdondoka, ikaangukia mapajani mwangu.

"Hakukuacha," alisema. "Huyu ni Mihayo. Nilikuwa nimewaahidi viongozi kwamba kwetu kutakuwa kutupu siku ya kuhama. Yeye akakataa kutoka. Tukagombana, akanipa mgongo, nikampiga na mpini wa jembe. Nilimpiga mara moja."

Bibi Nyamizi alitoa sauti ambayo si kilio. Mpelelezi alikuja mbele bila haraka, akamshika mzee mkono kama mtu anayemsaidia kuvuka mtaro, wakaenda taratibu hadi kwenye gari. Mambo yake yako mahakamani na sitayagusa. Maabara nayo ilijibu nikiwa nimeshastaafu, ikasema tuliloambiwa pale kaburini. Mimi sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Nilimwonea huruma mama yao, aliyekufa akimlaani mwana ambaye hakuwa ametoka uani kwake.

Vijana wawili walinivuta juu. Kalunde alikuwa amepiga magoti kando ya jeneza, kiganja juu ya mbao. "Kumbe ulikuwa pale kwenye tembe," alisema. "Muda wote nikipita kwenda kulima, ulikuwa pale." Wakaliteremsha. Hakuna aliyeanza kufukia.

Jembe alikuwa nalo yule mwingine, Mihayo kitindamimba. Alikuwa amesimama tangu baba yake alipotaja jina, jina lake mwenyewe. Akaliweka jembe chini polepole, akavua kofia, akageuka. Watu walimpisha. Alikuwa anaelekea barabarani, na nilivyomwona mgongo nilijua haendi nyumbani, anaondoka.

"Baba," Kalunde aliita.

Hakugeuka.

"Baba, unakwenda wapi tena?"

Alisimama. Alikaa hivyo, kofia mkononi, watu wote tukimwangalia mgongo. Kisha akarudi, akaliokota jembe, akaanza kufukia.